MAPAMBO YA KUTA ZETU NA NJIA YALIYOJIA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma alipokuwa mdogo alinialika Mbeya kwenye dua ya kuingia nyumba yake mpya. Ni kijana mwema, mwenye biashara yake Tunduma, na nyumba ameijenga kwa jasho lake. Tulipoingia ukumbini niliona kuta zote nne zimejaa. Upande mmoja palikuwa na Ayatul-Kursiyyu katika mahameli nyeusi na nyuzi za dhahabu. Upande wa pili palikuwa na vikapu vitano vya Iringa vilivyotundikwa kama ngao. Juu ya kabati palikuwa na chungu cha Wakisi, na pembeni yake jagi la kaure la Kichina. Na katikati ya vyote hivyo, chini ya taa yake maalumu, pakawekwa sanamu ya kichwa cha mtu aliyefumba macho. Nilipouliza ni ya nani, aliniambia: "Shehe wangu, sijui. Nimeikuta dukani nikaipenda. Wanasema huleta utulivu."

Ilikuwa ni sanamu ya Budha, ambaye mamilioni ya watu wa Asia huinama mbele ya sanamu zake.

Baada ya dua alinivuta pembeni, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, nimeipamba nyumba kwa vitu vya dunia nzima. Kuna ubaya?" Chakula kilikuwa kimekwisha kuletwa na watu wanangoja, basi nikamjibu kwa maneno machache. Lakini swali lile lilipanda nami basi la kurudi Iringa, na njia nzima kutoka Uyole hadi Makambako sikuweza kuliacha. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

VITU VYA MBALI SI VIGENI KWETU

La kwanza ambalo yafaa tulijue ni kuwa kupamba nyumba kwa vitu vya nchi za mbali si jambo lililoletwa na vijana wa leo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji wa Waislamu wenye biashara kubwa, na Sultani wake, Al-Hasan bin Sulaiman, alisifika kwa ukarimu. Magofu ya jumba la Husuni Kubwa yangalipo pale Kilwa Kisiwani, na katika ardhi ya Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vipande vya kaure ya Uchina na vyombo vya udongo vya Uajemi. Dhahabu na pembe zilitoka, na bakuli zikaingia.

Huko Lamu watu waliokuwa na uwezo walijenga katika ukuta wa chumba cha ndani safu za mashubaka madogo ya chokaa, yaitwayo zidaka, na humo wakapanga vyombo vyao vya kaure na vitabu. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na Kaole, karibu na Bagamoyo, wazee wetu walifika hata kupachika bakuli za Kichina katika nguzo za makaburi. Basi Mswahili wa zamani alikuwa na Uchina ukutani mwake zama hizo, wala hakuna aliyemwambia kuwa ameacha asili yake.

Pia tutazame milango ya Unguja. Mafundi waliichonga kwa nakshi za mnyororo, za mawimbi, za mtende na za yungiyungi, na mitindo mingine ikaletwa na mafundi wa Kihindi waliotoka Gujarati. Na katika msikiti wa Kizimkazi, upande wa kibla, yapo maandishi ya Kikufi yenye mwaka wa 500 wa Hijra, nao ni 1107 wa Miladi. Katika kazi hizi zote maua, majani na maandishi ndiyo yaliyotawala. Hilo halikuwa sadfa, na sababu yake nitaieleza mbele.

NA HUKU NYANDA ZA JUU?

Msomaji wa huku kwetu ataweza kusema: hayo ni ya pwani, nasi tu watu wa milimani. La hasha. Misafara ya Bagamoyo na Kilwa ilipanda mpaka huku, ikifuata pembe. Merere wa Usangu alifanya biashara na urafiki na watu wa pwani, na kwa njia hiyo nguo, shanga na nyaya za shaba zikaingia katika nyumba zetu kabla ya Mjerumani kufika.

Wala watu wa huku hawakuwa wakingoja msafara ili wajue uzuri. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alipita Uhehe akafika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879. Alipoingia katika vijiji vya Wanyakyusa alistaajabu mno kwa usafi wake, kwa migomba iliyopangwa, na kwa nyumba za mianzi zilizojazwa udongo na kupambwa kwa mkono. Hapakuwa na duka wala fremu. Udongo ulikuwa ndio ukuta, na udongo huo huo ukawa ndio pambo.

Ng'ambo ya Matema, mahali paitwapo Ikombe, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu mpaka leo. Hufinyanga kwa mikono yao, huvisugua, huvipaka udongo mweupe na mwekundu, kisha huvichoma. Vyungu hivyo hupakiwa katika mitumbwi na kupelekwa gulioni Lyulilo, na kutoka hapo hufika Tukuyu, Mbeya na miji ya mbali. Na Iringa wanawake husuka vikapu kwa milulu, majani yanayoota penye maji maji. Kikapu hicho kilikuwa cha kubebea na kuwekea nafaka. Leo kinatundikwa katika kuta za Ulaya na Marekani, na bibi aliyekisuka huenda hajui kimekwenda wapi.

Kisha ikaja reli. Kati ya mwaka 1970 na 1975 Wachina walijenga pamoja nasi reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita Makambako, Mbeya na Tunduma. Mimi nilikuwa mtoto, na ninakumbuka. Sehemu ya gharama za ujenzi zilizotakiwa kulipwa hapa nchini zilipatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani mwetu, na ndiyo maana ghafula kila nyumba ikawa na chupa ya chai yenye maua mekundu, na beseni na sinia za bati zenye picha ya maua. Mama yangu alizipigilia misumari sinia mbili ukutani, akaziwekea vitambaa alivyofuma mwenyewe, na mgeni akija hushushwa sinia moja aandaliwe. Basi miaka mia kadhaa baada ya Kilwa, Uchina ikarudi katika ukuta wa mama yangu kwa njia ya treni. Tulipendezwa nayo, na wala hatukuona haya.

SHERIA YASEMA NINI

Sasa turudi kwenye swali la kijana wetu. Asidhani mtu kuwa Uislamu umechukia uzuri. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na kiatu kizuri, kama hicho ni kiburi, alifundisha kuwa Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Ninaomba msomaji ayaweke moyoni maneno haya ya mwisho, maana tutayahitaji.

Lakini kuta nazo zina adabu zake. Bibi Aisha (R.A.) alipata kufunika shubaka la ukutani kwa pazia lenye picha. Mtume (S.A.W.) aliporudi safari akaliona, uso wake ukabadilika, akaliondoa. Bibi Aisha akalikata akafanya mito ya kuegemea. Kwa hiyo wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi wakatofautisha baina ya picha ya kiumbe chenye roho iliyotundikwa juu kwa kutukuzwa, na ile iliyo katika mkeka au mto wa kukaliwa. Ya kwanza wameikataza, na ya pili wameiacha. Hii ndiyo sababu mafundi wetu wa pwani walitulia katika maua, majani na maandishi. Walikatazwa mlango mmoja wakafungua kumi.

Siku nyingine Mtume (S.A.W.) alisali akiwa amevaa nguo ya mistari aliyopewa na Abu Jahm. Alipomaliza, akairudisha kwa sababu ilimshughulisha katika sala, lakini hapo hapo akamwomba Abu Jahm nguo yake nyingine isiyo na nakshi, ili asivunjike moyo kwa zawadi yake kurudishwa. Tazama adabu hiyo! Pambo likaondoka, na moyo wa mtoaji ukalindwa.

Na sahaba Abu Ayyub (R.A.) alialikwa nyumbani kwa Ibn Umar (R.A.), akaona ukuta umevishwa pazia. Ibn Umar akatoa udhuru kuwa wanawake wamemshinda. Abu Ayyub akasema kuwa kama ni wa kuwahofia hilo, hakudhani kuwa atamhofia yeye, akaondoka bila kula. Nilikumbuka kisa hiki nikiwa mbele ya pilau ya kijana wetu, nami nikala. Mwenyezi Mungu anisamehe kama nimekosea. Niliona kuwa nikiondoka nitampoteza, na nikikaa huenda akanisikiliza.

Ama Ayatul-Kursiyyu ya mahameli, Imamu Nawawi katika kitabu chake At-Tibyan ametaja kuwa kuandika Qurani katika kuta ni makuruhu, ingawa Waislamu wa nchi nyingi, na wale wa Kizimkazi miongoni mwao, wameandika. Mimi sitamwambia mtu aishushe. Ninalosema ni kuwa aya haikuteremshwa ili kuziba ufa wa plasta. Ukiitundika, uisome. Nyumba yenye aya ukutani na msahafu wenye vumbi kabatini, hiyo imepambwa lakini haikuongozwa.

KIFUNGU CHA 246

Sasa nataka kueleza habari moja ya historia ya Iringa ambayo kila mpenda mapambo aijue.

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliwashinda Wajerumani na kumwua kamanda wao, Emil von Zelewski. Wajerumani wakarudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka ngome ya Kalenga, wakachukua pembe na mali nyingine. Mkwawa akaendelea kupigana porini mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojitoa uhai ili asikamatwe. Hapo wakamkata kichwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Kichwa cha baba wa watu kikawa kitu cha kuhifadhiwa kabatini, miongoni mwa vitu vingine kutoka nchi za mbali.

Vita vikuu vya kwanza vilipokwisha, wakubwa wa dunia waliandika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Katika mkataba huo kimo kifungu cha 246, na la kustaajabisha ni kuwa kifungu hicho kimoja kinataja vitu viwili. Cha kwanza ni Msahafu wa Khalifa Uthman (R.A.), uliosemekana kuwa ulichukuliwa Madina na watawala wa Kituruki na kupewa Kaisari wa Ujerumani, nao uliagizwa urudishwe kwa Mfalme wa Hijazi. Cha pili ni fuvu la Mkwawa, lililoagizwa likabidhiwe kwa Waingereza. Madina na Iringa katika kifungu kimoja! Wengi wa walioandika hawakuwa Waislamu wala Wahehe, lakini walitambua kuwa vipo vitu ambavyo mtu hawezi kuvifanya pambo la nyumba yake.

Muda wa miezi sita uliowekwa ulipita, na miaka mingi ikapita juu yake. Mwishowe Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe hadi jumba la makumbusho la Bremen, ambako mafuvu mengi yalikuwa yamehifadhiwa, na fuvu lililotambuliwa kuwa ndilo likarudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Lipo huko hata leo. Ninapowapeleka watoto wa madrasa kulitazama, huwa wananyamaza. Mmoja aliniuliza: "Shehe, na hayo mengine yaliyobaki kule, ni ya baba za nani?" Sikuwa na la kumjibu.

Basi, ndugu msomaji, ipo tofauti kubwa baina ya bakuli la Kilwa na fuvu la Kalenga, ingawa vyote viwili vilisafiri bahari na vyote vikawekwa mahali pa kutazamwa. Bakuli lilikuja kwa kuuza na kununua, mwenyewe aliridhika akapokea thamani yake. Fuvu lilikuja kwa upanga. Kila kilichotundikwa ukutani kimekuja kwa njia fulani, na njia hiyo haifutiki kwa kupigwa rangi wala kutiwa fremu.

KIKAPU CHANGU

Nisije nikawanyoshea vidole Wajerumani na kijana wa Mbeya nikajisahau mwenyewe. Ukumbini kwangu kuna kikapu kimoja cha milulu, kikubwa, chenye duara za rangi ya zambarau. Nilikinunua zamani katika kituo cha mabasi cha Iringa, kile cha mjini, kwa bibi mmoja aliyekuwa amekaa chini na vikapu vitatu. Mwaka ule mvua zilikuwa haba. Alitaja bei, nami nikaipunguza. Akapunguza, nikaipunguza tena. Basi lilikuwa linataka kuondoka, nami nilijua, naye alijua, kuwa hatapata mteja mwingine kabla ya jioni. Akakubali nusu ya aliyoitaka. Nikapanda na kikapu changu, nikijiona mjanja.

Mke wangu ni mwenyeji wa Iringa. Alikipokea, akakigeuza, akapitisha kidole katika ususi wake, akasema, "Hii ni kazi ya mtu mzima mwenye subira. Baba watoto, ulimpa kiasi gani?" Nikamtajia kwa fahari. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama yangu alikuwa akisuka hivi ili tupate chumvi na ada." Hakusema zaidi ya hayo, akaenda jikoni.

Safari iliyofuata nilimtafuta yule bibi kituoni nikaambiwa hayupo. Nilimtafuta tena na tena. Kituo chenyewe kikahama, na mimi nikawa mzee. Nilitoa sadaka kwa nia yake, lakini sadaka si sawa na kumlipa mtu haki yake mkononi. Mtume (S.A.W.) amekwisha tueleza kuwa kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu, nami niliyafanya yote mawili kwa ajili ya kikapu, na siku hiyo hiyo jioni nikasalisha watu.

JIBU KWA KIJANA WANGU

Basi kijana wangu, uliniuliza kama kuna ubaya kuipamba nyumba kwa vitu vya dunia nzima. Dunia ni ya Mwenyezi Mungu, na wazee wako wa Kilwa wamekutangulia. Lakini kabla ya kupigilia msumari jiulize mambo matatu.

Kwanza, kitu hiki ni nini kwa watu waliokitengeneza? Sanamu ile wewe umeiita utulivu, na wenyewe wanaiita kwa jina jingine. Kwako wewe Mwislamu haifai kukaa mahali pa heshima namna ile, na kwa wao ni dharau kuifanya tegemeo la taa. Umewakosea watu wawili kwa sanamu moja: wewe na wao.

Pili, kimekujaje? Je, mikono iliyokifanya ililipwa? Chungu cha Ikombe hakipungui uzuri kwa kulipiwa bei ya haki, na kikapu hakizidi uzuri kwa kupatikana rahisi. Ukimkuta mama amekaa chini gulioni, usipunguze bei mpaka ukamvunja. Bei unayomwachia nayo ni pambo, ingawa haionekani ukutani.

Tatu, kimemnyima nani? Kama mama yako analala chini ya paa linalovuja, au ada ya mtoto haijalipwa, au umekopa ili ukuta ung'ae, basi ukuta huo umevishwa nguo ya mtu mwingine.

Siku chache baada ya dua ile nilimpigia simu nikamweleza habari ya sanamu. Hakukasirika. Alisema ameiondoa, na mahali pake amepaacha wazi kwanza. Nilifurahi kwa ile "kwanza" yake. Pengo ukutani si aibu, na mtu si lazima alizibe haraka.

Nami kikapu changu sikukishusha. Mke wangu aliwahi kuniuliza kama nataka kukiondoa, kwa kuwa anaona ninakitazama sana. Nikamwambia kikae. Kila nikitaka kujiona mwema, ninainua macho.

Mwenyezi Mungu azifanye nyumba zetu kuwa mahali pa dhikri na pa haki, atusamehe tuliyowadhulumu na tukashindwa kuwapata, na awaridhishe wao kwa fadhila Zake.

Wabillahi tawfiq.